Gari Linapovuta Upande: Mambo ya Usukani na Miguu ya Gari

Katika nyumba nyingi zenye gari, na hata katika sharika zenye gari la huduma, mambo ya usukani huachiwa dereva na fundi. Sisi akina mama hupanda, tukafunga mlango, tukaomba, na safari ikaanza. Gari likigonga chini tunasema ni barabara mbaya. Likivuta upande tunasema leo dereva amechoka. Naye fundi akija na orodha ya vipuri, tunafungua mkoba na kulipia tusichokielewa.

Hata hivyo, usukani pamoja na miguu ya gari, yaani springi, shokapu na viungo vyote vinavyoshikilia magurudumu, ndivyo vinavyoamua kama gari litakwenda anakotaka dereva au linakotaka lenyewe. Kiungo cha gurudumu huweza kulegea kwa miezi mingi huku gari likiendelea kupeleka watoto shule na watu kanisani, kisha siku moja kikachomoka kwenye kona. Gurudumu likilala, hapo hakuna ufundi wa dereva utakaosaidia.

Ndugu msomaji, hatukusudii kukufanya fundi. Tunataka ujue kutazama, kusikiliza na kuuliza, ili mtu asikuuzie tairi mbili wakati ugonjwa uko kwingine.

Gari na mguu wa mtu

Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi hatukupata shida kuyaelewa mambo haya, maana mguu wa gari umetengenezwa karibu sawa na mguu wa mtu. Fikiria nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja ni cha mviringo, nacho hukaa ndani ya kikombe, kimezungukwa na utando unaotunza ute wa kulainisha. Boljointi ya gari ni hivyo hivyo. Ni pini yenye kichwa cha mviringo ndani ya kikombe cha chuma, kuna grisi ndani, na juu yake umefunikwa mpira. Mpira ukichanika, vumbi na maji huingia, grisi hutoka, na chuma husagana na chuma. Tangu siku hiyo ugonjwa umeanza, ijapokuwa dereva hajasikia kitu.

Tairodi ni ndugu yake mdogo. Ndiyo inayosukuma gurudumu kushoto na kulia dereva anapozungusha usukani. Bushi nazo ni vipande vya mpira vilivyokaa kati ya chuma na chuma, kazi yao ni kama ya gegedu katika goti: kuzuia mifupa isigongane. Bushi zikipasuka gari huanza kugonga-gonga kwenye mashimo, hasa kwa mwendo mdogo.

Jambo moja huwachanganya wengi. Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari. Shokapu haibebi uzito. Kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kucheza baada ya kupita tuta. Kwa hiyo gari likiinama upande mmoja likiwa limesimama mahali tambarare bila mzigo, mara nyingi ni springi iliyochoka au kuvunjika, na kubadilisha shokapu hakutalinyanyua. Gari likinesa mara tatu nne kila baada ya tuta, hapo sasa ni shokapu.

(Na fundi akikuambia "stelingi imekufa", usidhani anasimulia sinema. Gereji nyingi huita usukani hivyo.)

Tumwulize mgonjwa kwanza

Muuguzi hampimi mgonjwa kabla ya kumwuliza yalianza lini, yanauma wapi, yanazidi wakati gani. Gari nalo liulizwe hivyo kupitia dereva wake. Tatizo linatokea gari likiwa katika mwendo wa kasi au polepole? Wakati wa kukata kona au kwenye njia iliyonyooka? Wakati wa kukanyaga breki tu? Likiwa tupu au limejaa watu? Fundi asiyeuliza lolote kati ya haya, bali akashika spana moja kwa moja, tungemwogopa.

Gari linalovuta upande mmoja lianze kupimwa upepo. Upimwe asubuhi kabla ya safari, tairi zikiwa baridi. Magari mengi yaliyotumika kutoka Japani yana karatasi iliyobandikwa kwenye kizingiti cha mlango wa dereva, yenye kiasi cha upepo kwa kipimo cha kPa, na kijana wa kujaza upepo anasoma psi. Gawanya namba ile kwa 7 utapata karibu na sawa: 220 ni kama psi 32. Mengi huvuta kwa sababu tu tairi moja la mbele lina upepo pungufu.

Upepo ukiwa sawa na gari bado linavuta, baada ya safari fupi sogeza kiganja karibu na rimu ya kila gurudumu la mbele, bila kuigusa. Moja likiwa la moto kuliko mwenzake, huenda breki yake inakamata. Ikiwa sivyo, tairi za mbele zibadilishane upande, isipokuwa zile zenye mshale unaoonyesha zizungukie upande gani. Gari likianza kuvuta upande wa pili, basi mgonjwa ni tairi. Likiendelea kuvuta kule kule, ndipo tuzungumze habari za alaimenti na viungo.

Usukani unaotetemeka una siri yake pia. Ukitetemeka kwenye mwendo wa kama kilometa 80 mpaka 110 kwa saa, kisha ukatulia mwendo ukipungua, kwa kawaida magurudumu yanahitaji balansi, au rimu imepinda kwa kugonga shimo. Ukitetemeka unapokanyaga breki tu, angalia diski za breki. Na ile sauti ya ka-ka-ka unapokata kona usukani ukiwa umefika mwisho, kwa gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, mara nyingi hutoka kwenye jointi za ekseli, si usukani. Watu wamebadilishiwa tairodi nzima-nzima kwa ajili ya sauti ile.

Usukani ukiwa mzito ghafla, tazama upepo tena, kisha mafuta ya usukani na mkanda unaozungusha pampu yake. Pampu inayokosa mafuta hulia kama mbu unapokata kona. Kuongeza mafuta kila wiki si matibabu, maana mafuta hayaliwi. Yakipungua yanavuja mahali. Magari mengi ya siku hizi husaidiwa na mota ya umeme badala ya mafuta, na hayo huwasha taa kwenye dashibodi kukiwa na hitilafu.

Kisha kuna usukani unaocheza. Magurudumu yakiwa yamenyooka na injini ikinguruma, zungusha usukani kidogo sana kushoto na kulia huku mwenzako akitazama tairi la mbele. Ule mzunguko mtupu kabla tairi halijatikisika uwe mdogo. Vitabu vya magari mengi ya Toyota huweka kikomo cha milimita 30 kwenye ukingo wa usukani. Ukizidi hapo, kuna kiungo kimelegea.

Tairi nalo linasema. Likilika katikati, upepo ulizidi. Likilika kingo zote mbili, ulipungua. Likilika ukingo mmoja tu, alaimenti imeharibika au kuna kiungo kilicholegea. Likiwa na mabonde-mabonde unapopitisha kiganja, shokapu au balansi ina neno. Kila mama anaweza kufanya hivi gari likiwa limeegeshwa nje ya kanisa, wala nguo haitachafuka sana.

Mhazini aliyegoma

Gari la huduma la kikundi chetu hupeleka wauguzi na chanjo vijijini, na mara nyingine limemleta hospitali mama mwenye uchungu pingamizi. Lilianza kula tairi la mbele kushoto, ukingo wa ndani. Gereji ya kwanza ilisema tununue tairi mbili mpya. Ya pili ikasema sanduku zima la stelingi libadilishwe, na bei yake ingemaliza akiba ya mwaka. Mhazini wetu, mama mpole ambaye hajui hata kufungua boneti, alikataa kutoa senti moja mpaka mtu amwonyeshe kwa macho kitu kilichoharibika. Hakuna aliyemwonyesha.

Wiki hiyo tulikuwa na kliniki ya watoto milimani. Barabara ya Mombo hadi Lushoto inajulikana: ni kama kilometa 33 za kona, ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Wapo kati yetu waliosema tuombe tu twende, gari halijatuangusha hata siku moja. Wengine walisema haiwezekani. Maneno yalikuwa makali, maana kila upande ulikuwa na watoto mawazoni. Mama aliyeacha shamba na kutembea saa mbili kuja kliniki, akamkosa muuguzi, si ajabu asirudi mwezi unaofuata. Mwishowe wauguzi wawili walipanda basi na kisanduku cha chanjo mapajani, na gari likabaki.

Siku ya tatu alikuja kijana aliyesomea ufundi VETA. Alinyanyua gurudumu, akaingiza mtaimbo chini ya tairi, akaunyanyua taratibu, kisha akamwita mhazini aweke kidole kwenye boljointi ya chini. Ilikuwa inaruka ndani ya kikombe chake. Mpira ulikuwa umechanika, na ndani mlikuwa na udongo mwekundu mahali pa grisi. Hapo mhazini alifungua mkoba. Tairi mpya zilinunuliwa baada ya kiungo kupona. Zingetangulia zingeliwa vile vile.

Gari likiwa kwenye jeki

Tangu siku hiyo hatumwachii fundi gari na kuondoka kabla hajatuonyesha kipimo hiki. Gari liwe mahali tambarare, breki ya mkono imefungwa, magurudumu ya nyuma yamezuiwa kwa mawe au magogo, na likishanyanyuliwa liwekwe juu ya stendi imara. Mtu asiingie chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake. Katika wodi tumepokea majeruhi wa uzembe huo, na hatuna haja ya kueleza kifua kinavyokuwa.

Fundi ashike tairi pande mbili, kushoto na kulia, alitikise. Likicheza, tairodi hutazamwa kwanza. Kisha alishike juu na chini, alitikise tena. Likicheza hapo, ni beringi au boljointi. Ili kuzitenganisha, mwingine akanyage breki: mchezo ukipotea, ni beringi, ukibaki, ni boljointi. Magari mengine yana springi inayokandamiza boljointi hata gurudumu likiwa hewani, hivyo jeki huwekwa chini ya mkono wa chini wa gurudumu ili kiungo kipumzike na ulegevu uonekane. Hili ndilo lililowapita gereji zile mbili, kama kweli walipima.

Gari lenye springi za majani nyuma, kama Land Cruiser nyingi za hospitali, litazamwe pia kwa nyuma likiwa linatembea. Likienda kimshazari kama mbwa anavyokimbia, huenda bolti inayoshika majani hayo imekatika na ekseli imesogea.

Kuhusu matengenezo yenyewe tuna msimamo mkali kidogo. Boljointi au tairodi isichomelewe, wala kikombe chake kisigongwe nyundo "kibane". Tuliwahi kupendekezewa hivyo na mtu mwenye ovaroli safi kabisa. Kiungo hicho hubadilishwa, basi, na ile pini ndogo inayozuia nati isifunguke iwe mpya, si ya zamani iliyonyooshwa. Shokapu zibadilishwe mbili kwa pamoja, kushoto na kulia, maana mpya upande mmoja na iliyochoka upande wa pili hufanya gari liyumbe kwenye breki. Bushi za mikono zikazwe kwa mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, kwani zikikazwa mguu ukining'inia, mpira hujisokota gari likishushwa na hupasuka mapema. Haya mengi huachwa kwa haraka tu. Na kila tairodi ikiguswa lazima alaimenti ifanyike upya, hata kama fundi amehesabu mizunguko wakati wa kuifungua.

Omba kipuri cha zamani mkononi kabla ya kulipa. Kisha upande gari pamoja na fundi, mpite njia iliyonyooka na isiyo na watu, usukani ukae sawa katikati, halafu mpite shimo dogo huku vioo vikiwa vimeshushwa ili msikie. Baada ya kilometa 80 hadi 100 nati za magurudumu yaliyofunguliwa zikazwe tena, na asubuhi inayofuata, tairi zikiwa baridi, upepo upimwe upya, pamoja na la akiba.