Vitabu vitatu, kimoja tu kwa Kiswahili chetu

Miezi hii nimesoma vitabu vitatu visivyofanana: riwaya, ushuhuda na historia ya mji. Vyote vinazungumzia inchi yetu.

Riwaya ni Tram 83 ya Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi, iliyotoka mwaka wa 2014. Lucien, mwandishi, anafika kwa rafiki yake Requiem katika mji wa migodi usiotajwa jina, ambako watu wote wanakutana usiku ndani ya baa moja. Maneno yanakimbia kama muziki wa jazz, na mwenye kuwafahamu wachimba madini wa Katanga atacheka sana. Mimi nilichoka katikati. Wanawake wanapita pale baani tu, hatujui wanatoka wapi wala wanalala wapi.

Katika La force des femmes (2021), kitabu cha daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, wanawake ndio kiini. Si kitabu cha kusoma kabla ya kulala. Nakala yangu ni ya Kifaransa. Nilimsomea shangazi yangu hapa Bukavu sura moja, nikigeuza mstari kwa mstari. Alinikatiza: « Mtoto wangu, na wale wamama wenyewe wamekisoma? » Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo nilitafuta cha tatu, Vocabulaire de ville de Elisabethville. Jina ni la Kifaransa, lakini ndani ni Kiswahili cha Lubumbashi. André Yav alikiandika mwaka wa 1965 kwa niaba ya chama cha watu waliokuwa maboyi wa wazungu, na mtaalamu Johannes Fabian akakichapisha mwaka wa 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kilipigwa kwa mashini, maneno yameshikana, nukta ni chache. Ukikisoma kwa macho tu unapotea. Ukikisoma kwa sauti, unamsikia mzee akizungumza. Waliopika, waliofua na kupiga pasi ndio wanaoeleza mji ulivyoanza na jinsi mabwana walivyowatendea. Mpangilio hauko sawa, habari zinarukaruka. Lakini nani mwingine alituachia historia ya namna hiyo, kwa luga yetu?

Maandishi yake yanapatikana kwenye intaneti. Nilimsomea shangazi bila kutafsiri. Alinisimamisha mara mbili tu, kusahihisha maneno ambayo Bukavu hatuyasemi hivyo, kisha akasema niendelee.