Maziwa Mazito ya Mkebe Bila Sukari: Jipikie kwa Keja, Lakini Soma Hii Kwanza

Kama wewe huramba kijiko cha yale maziwa mazito ya mkebe ukidhani hakuna anayekuona, leo tunaongea na wewe. Mkebe mmoja wa gramu 397 uko na zaidi ya gramu 200 za sukari, ukihesabu na ile ya maziwa yenyewe. Hiyo ni kama vijiko 50 vya chai. Eeh, 50!

Mimi nilianza kutafuta njia ingine juu ya shosh. Ako na kisukari na anapenda chai nzito kama nini. Krismasi moja nikampikia maziwa ya tende, nikamwambia, "Shosh, kunywa tu, haina sukari." Akanibariki, akanywa vikombe vitatu. Jioni akajipima na kale kamashine kake, namba imepanda vinoma. Nilinyamaza kama mtoto amevunja glasi. Kosa lilikuwa langu, na ndio maana nataka uelewe hii kitu kabla hujawasha jiko.

Sukari hufanya nini kwa mkebe?

Msee wa Marekani anaitwa Gail Borden alipata hataza mwaka wa 1856 ya kupunguza maji kwa maziwa ndio yasiharibike haraka. Baadaye sukari ikaongezwa, na wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe (1861 hadi 1865) jeshi la Kaskazini likayanunua kwa wingi.

Sukari hapo haiko ya utamu peke yake. Inashikilia yale maji yamebaki, bakteria wanakosa maji ya kutumia, hawazaani. Pia ndio inafanya maziwa yavutike kama gundi. Kwa hivyo ukiitoa, lazima utafute kitu cha kuleta utamu, kitu cha kuleta uzito, na friji ya kulinda.

Vitu unahitaji

- Maziwa lita 1, yenye mafuta yake yote
- Tende laini gramu 150 hivi (kama 15 hadi 20)
- Chumvi kidogo sana
- Iliki ukipenda

Vile utafanya

1. Toa mbegu za tende. Chota nusu kikombe kutoka kwa ile lita, pasha moto, loweka tende dakika 20.

2. Mimina maziwa yaliyobaki kwa sufuria pana. Pana, sio ndefu, juu maji hutoka haraka kukiwa na nafasi. Chovya mwiko wa mbao, uweke alama pale maziwa yamefika.

3. Yakichemka, shusha moto uwe wa chini kabisa. Koroga kila dakika mbili tatu, ukikwangua chini. Ule utando wa juu urudishe ndani, usitupe.

4. Baada ya dakika 45 hadi saa moja, chovya mwiko tena. Yakifika chini kidogo ya nusu ya ile alama, umefika.

5. Saga tende na maziwa yake kwa blenda hadi ziwe laini, chuja, kisha ongeza kwa sufuria pamoja na chumvi na iliki. Koroga dakika tano, zima. Usiweke tende mapema, maziwa yanaweza kukatika na zinashika chini haraka.

Kama ni mepesi usijali. Yakipoa yataongeza uzito. Rangi itakuwa ya kahawia kama chai ya maziwa, usishtuke.

Gesi imebaki kidogo?

Saga kikombe kimoja cha unga wa maziwa, nusu kikombe cha maji moto na tende 10 zilizolowekwa. Dakika mbili, kwisha. Ladha haifikii ile ya kuchemsha, lakini kwa chai na uji iko sawa.

Wa asali nao, subirini maziwa yapoe hadi yawe vuguvugu ndio muongeze. Asali iko na uchachu wake, ukiichemsha na maziwa unaweza kujipata na mabonge. Na mtoto hajafika mwaka mmoja asipewe asali, hata tone. Hata haya ya tende si badala ya maziwa ya mtoto mchanga.

Sasa ukweli wa shosh

"Bila sukari" hapa inamaanisha bila sukari ya dukani. Tende kavu, zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari. Asali ndio hiyo hiyo. Sukari nguru pia ni sukari, jina tu ndio limebadilika. Na maziwa yenyewe yako na sukari yake, karibu gramu 48 kwa lita, na hiyo haiendi na mvuke.

Kwa mtu wa kisukari, chemsha maziwa bila tende, ongeza vijiko vinne vya unga wa maziwa vya kuleta uzito, kisha stevia kidogo mwishoni. Bado apimiwe kijiko, sio kikombe, na aulize daktari wake kwanza. Shosh siku hizi anapata vijiko viwili kwa chai na hatujakosana tena.

Kuweka

Chupa ya glasi iliyooshwa na maji moto, kifuniko, moja kwa moja kwa friji. Maliza ndani ya siku nne au tano. Kama huna friji, pika ya siku moja tu. Yakianza kunuka au kuchacha, mwaga bila huruma.

Na kama una mzazi ama shosh wa kisukari, usimwambie "haina sukari" kama mimi. Mwambie chenye umeweka, halafu umpimie.