Uvimbe wa Taya kwa Mtoto Mchanga Usihukumiwe kwa Macho

Magharibi mwa Kenya mtoto akivimba taya, jina linalotajwa kwanza ni Burkitt. Hilo si ajabu. Saratani hiyo, aliyoieleza daktari Denis Burkitt mwaka 1958 akiwa Kampala, hushamiri penye malaria nyingi, na Bukura, huku Kakamega, imo katika ukanda huo. Ila Burkitt ni ya watoto waliokwisha kutembea na kusema. Kwa asiyetimiza mwaka ni nadra mno. Kwake yeye, uvimbe mgumu wa ufizi wa juu, wenye weusi au ubuluu, unaokua kwa wiki chache na kusukuma jino kabla ya wakati, unaweza kuwa kitu kingine: uvimbe wa seli zilezile ambazo, mtoto akiwa tumboni, huzaa neva na seli za rangi. Daktari Krompecher aliueleza mwaka 1918, na hadi leo walioripotiwa duniani ni mamia tu.

Rangi pekee haithibitishi kitu. Jino linalotaka kuota nalo huubadilisha ufizi kuwa buluu, na pengine weusi hujificha ndani kabisa. Picha ya CT huonyesha mfupa ulivyoliwa, basi. Jibu limo katika kipande cha nyama kilichotiwa kwenye formalini, pamoja na karatasi iliyoandikwa umri wa mtoto na mahali uvimbe ulipo. Chini ya hadubini huonekana seli kubwa zenye rangi, na kati yake vijiseli vidogo mfano wa neva changa. Kipande kikibeba hivyo vidogo tu, na umri haukuandikwa, mpimaji aweza kudhani ni limfoma, kundi la saratani ambalo Burkitt imo.

Mtu atauliza: ugonjwa nadra hivi, zahanati ya kijijini iujulie nini? Jina si lazima ilijue. Ijue tu kwamba dawa za saratani hazitangulii kipimo, kwa kuwa zile zinazoyeyusha Burkitt sizo tiba ya uvimbe huu, ambao huondolewa kwa upasuaji. Wengine wanaogopa kwamba kisu huamsha saratani. Kisu cha kuogopwa ni cha anayekwangua ufizi akidai anatoa yale yanayoitwa “meno ya plastiki”. Hoja nzito zaidi ni kwamba majibu huchelewa na Burkitt haisubiri. Kweli, lakini dawa ya kuchelewa huko ni kupeleka kipande maabara siku kilipokatwa, si kukisia. Mzazi, omba rufaa ya kwenda hospitali ya Kakamega mapema, na kabla ya dawa yoyote uliza: majibu ya nyama yako wapi? Baada ya upasuaji usiache kliniki, maana uvimbe huu ukirudi, aghalabu hurudi katika miezi ya mwanzo.