Mji mzima wachorwa bila kuchimbwa

HEBU fikiri, msomaji, umeambiwa uchore ramani ya mji ambao hujapata kuuona, nao umefunikwa na udongo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Tena jembe haliruhusiwi kugusa ardhi.

Hiyo ndiyo kazi waliyoifanya wataalamu wa vyuo vikuu vya Cambridge, Uingereza, na Ghent, Ubelgiji, huko Falerii Novi, Italia. Mji huo wa Warumi, ulioanzishwa mwaka 241 kabla ya Kristo, uko yapata kilomita 50 kaskazini mwa Roma. Watu waliuhama karibu mwaka 700. Ukienda leo utaona kuta, kanisa kuukuu na nyasi.

Walitumia rada, lakini si ile ya kuongozea ndege. Hii huelekezwa chini. Mtambo hutuma mawimbi ya redio ardhini. Yakigonga ukuta, sakafu au bomba, hurudi. Kadiri yanavyochelewa ndivyo kitu kilivyo chini zaidi. Kompyuta huyapanga majibu tabaka kwa tabaka, kama mkate uliokatwa vipande.

Mitambo ilikokotwa kwa pikipiki ya magurudumu manne katika eneo la hekta 30.5 ndani ya kuta, ikipima kila baada ya sentimita 12.5. Matokeo yalitangazwa Juni 2020: soko, hekalu, bafu la umma, na jengo kubwa lisilofanana na lolote lililojulikana.

Kilichonivutia zaidi ni mabomba ya maji. Hayakufuata barabara tu, bali yalipita chini ya nyumba. Yaani yalilazwa kwanza, nyumba zikafuata. Sisi tuliozoea kuona lami mpya ikifukuliwa ili bomba lipite, tunaweza kuwaonea wivu Warumi hao!

Lakini usidhani ni kazi ya kubonyeza kitufe. Kuchambua picha za hekta moja tu huchukua karibu saa 20. Udongo wa mfinyanzi uliolowa huyameza mawimbi. Na rada haikuambii ukuta ulijengwa mwaka gani wala nani alilala nyuma yake. Hapo sururu bado inahitajika, ingawa ina hasara yake: tabaka likishachimbwa halirudishiki. Ndiyo sababu ni afadhali kujua kwanza pa kuchimba, shimo liwe dogo.

Hapa pwani yetu, vipimo vya namna hii, vya kunusa tofauti za usumaku ardhini, vilifanywa Songo Mnara, kisiwani karibu na Kilwa, Tanzania. Magofu ya mawe ya huko yanafahamika. Vipimo vilipitishwa pia katika viwanja vilivyo wazi kati ya nyumba hizo, mahali ambapo mgeni huona nyasi tu. Nyumba ya miti na udongo, msomaji, haiachi gofu la kupigwa picha.