Chemsha Maziwa, Linda Uhai wa Jirani Yako



Kuanzia mabanda ya ng'ombe huko Upare milimani hadi maboma ya wafugaji katika tambarare za Same, maziwa ni baraka: ni chakula cha mtoto, heshima ya mgeni na ada ya shule. Hata hivyo, yakinywewa mabichi yaweza kubeba bakteria wa hatari.

Miongoni mwao ni wale wa kifua kikuu cha ng'ombe na wale wa bruselosi, ugonjwa ambao wafugaji huuita ugonjwa wa kutupa mimba. Binadamu huambukizwa bruselosi kwa kunywa maziwa mabichi, au kwa kushika kondo la nyuma na ndama aliyetupwa bila kuvaa glavu. Dalili zake ni homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, uchovu na maumivu ya viungo.

Dalili hizo hufanana na za malaria. Katika utafiti uliofanyika kwenye hospitali mbili za Moshi mwaka 2007 na 2008, wagonjwa wa homa zaidi ya nusu walidhaniwa kuwa na malaria, kumbe iliyothibitika haikufika wagonjwa 2 katika kila 100. Baadhi yao walikuwa na bruselosi. Basi, mwenye homa isiyopona amweleze daktari kwamba anafuga au anakunywa maziwa mabichi. Tiba huchukua takribani wiki sita, isikatishwe.

Wapo wasemao kwamba maziwa ya mgando hayadhuru. Uchachu pekee hauui bakteria hao kwa uhakika. Chemsha maziwa kwanza hadi yafure, yapoe, ndipo uyagandishe kwa kijiko cha mgando uliotokana na maziwa yaliyochemshwa. Usiyarudishe katika ndoo uliyokamulia kabla ya kuiosha.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2288) hufundisha kwamba uhai na afya ni zawadi za thamani tulizokabidhiwa na Mungu, nasi tuzitunze kwa busara tukijali pia mahitaji ya wengine. Kwa hiyo, anayeuza maziwa mabichi amwambie mnunuzi wazi kwamba hayajachemshwa. Mtoto anayepokea kikombe hawezi kuuliza; sisi tuliowasha moto ndio tutakaoulizwa.