Kipimo kisichofaa huweza kugharimu pesa, hata afya

WAHENGA waliposema haba na haba hujaza kibaba, walikuwa na kipimo mahsusi akilini. Kibaba kilitumiwa kupimia nafaka, na vibaba vinne vilifanya pishi moja.

Siku hizi vipimo vya ujazo ni mililita, lita na mita za ujazo. Kanuni ya kuvichagua ni nyepesi: kiasi kidogo hupimwa kwa mililita, cha wastani kwa lita, na kikubwa kwa mita za ujazo. Mililita 1,000 ni lita moja, nazo lita 1,000 ni mita moja ya ujazo, yaani ujazo wa tangi lenye urefu, upana na kimo cha mita moja.

Hata hivyo, wengi huisahau kanuni hii punde wanapomaliza shule, na hapo ndipo hasara huanzia.

Dawa ya maji ya watoto hupimwa kwa mililita. Mzazi anayeagizwa kumpa mwanawe mililita tano hafai kuchukua kijiko chochote kilicho jikoni, kwa kuwa vijiko hivyo havilingani. Kijiko cha kupimia cha mezani hubeba mililita 15, ambazo ni mara tatu ya kipimo hicho. Dawa kama vile paracetamol ikizidishwa huweza kudhuru ini. Ni heri kutumia kikombe kidogo au bomba lenye alama za mililita.

Maziwa, mafuta ya kupikia na petroli hupimwa kwa lita, sawa na maji yanayouzwa kwa mitungi ya lita 20. Lakini maji ya mfereji hutozwa kwa mita za ujazo. Ankara inayoonyesha 6 haimaanishi lita sita, bali lita 6,000, ambazo ni mitungi 300.

Anayetaka kujua ni wapi maji ni nafuu sharti kwanza ageuze vipimo viwe sawa. Mathalan, mtungi ukiuzwa kwa Sh10, mita moja ya ujazo, ambayo ni mitungi 50, itamgharimu mnunuzi Sh500. Kiasi hicho ndicho anachopaswa kulinganisha na bei iliyoandikwa kwenye ankara.

Kwa hivyo, kabla ya kusoma tarakimu, ni busara kusoma kipimo kilichoandikwa kando yake.