Kompyuta ya Kiganjani Yataka Mkono Mtulivu

Askari aliyefundishwa kufungua bunduki, kuisafisha na kuifunga tena anajua kwamba chombo hufahamika kwa mikono. Ndivyo walivyofikiri wataalamu wa Cambridge, Uingereza, akiwamo Eben Upton, walipoona vijana wanaoomba kusoma sayansi ya kompyuta wakipungua. Tarehe 29 Februari 2012 ilianza kuuzwa Raspberry Pi, kompyuta ya ubao mmoja, ukubwa wa kadi ya benki, kwa dola 35 za Marekani. Haina kasha, skrini wala kibodi, mwenyewe huviunganisha.

Ubavuni mwake zimepangwa pini. Kwa hizo mpenda ufundi huwasha taa, hupima joto au huendesha king'ora cha mlangoni. Lakini twawaonya wenzetu: pini za kupokea ishara huvumilia volti 3.3 tu, na jirani yao hutoa volti 5. Waya ukikosea njia, ubao waweza kuungua, na fedha za jasho zikapotea. Tena, umeme ukikatwa ghafula, kadi itunzayo programu huweza kuharibika.

Basi tusiogope kujifunza, bali tupime kwanza, ndipo tuunganishe. Haraka haraka haina baraka.